Sukari Guru ya Saa Tisa

Mtukufu Hinguruwela Sumedha alizaliwa kijijini Hinguruwela, kusini mwa Sri Lanka, tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili na wa mwisho wa Pinoris, mmenya mdalasini, na mkewe Yasohami. Nyumbani tulimwita Tilaka. Mimi ni dada yake, Somalata, na leo watawa wanivumilie nikilitaja jina hilo katika kusoma wasifu huu wa marehemu.

Alisoma shule ya kijiji hadi mwaka 1962, alipoomba mwenyewe kuingia utawani. Hakuna aliyemsukuma. Siku aliponyolewa, mama alimsujudia miguuni, kama ilivyo desturi yetu. Tangu hapo sisi tulimwita Mtukufu, naye akatuita waumini. Alikuwa na miaka kumi na mmoja.

Wiki ile ile, nikitoka shule, nilimpelekea kipande cha sukari guru ukutani kwa hekalu. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kula basi, Tilaka. Nani anakuona?"

"Saa sita imepita. Mtawa hali tena mpaka kesho."

"Ala! Wiki moja tu, ushakuwa mkuu wa hekalu?"

"Nenda nyumbani, muumini."

Niliila mwenyewe njiani huku nikilia.

Alisomea Kipali, lugha ya maandiko yetu ya Kibuddha, na kanuni za utawa mjini Galle, akafundisha huko hadi 1979. Kisha alihamia pangoni msituni, akaishi peke yake katika tafakuri miaka mingi. Kuhusu ndoa, sina la kusoma. Nyumbani alikuja mara moja tu, mwaka 1988, kuhubiri kwenye mazishi ya mama. Yeye kitini, juu ya kitambaa cheupe, mimi chini mkekani. Alisema kila kilichozaliwa huondoka. Chozi halikumtoka. Na mama, masikini, hadi anakata roho alikuwa akiniuliza, "Hivi Tilaka alinililia hata siku moja?" Kwa kweli, nilimkasirikia sana ndugu yangu.

Juni 2019 aligundulika kuwa na saratani ya ini, akalazwa Galle. Nilikuwa nikimpelekea uji wa majani kila asubuhi, naye anaupokea kama sadaka ya muumini yeyote. Alasiri ya tarehe 1 Septemba alifumbua macho.

"Dada."

Nilitazama nyuma, nikidhani anamwita muuguzi.

"Dada, sukari guru ipo?"

"Saa tisa hii, Mtukufu!"

"Mtawa mgonjwa anaruhusiwa, hata jioni. Ndiyo kanuni." Akanigeukia. "Hata siku ile ukutani ningeweza kuila. Nilikuwa naumwa, dada. Nilikuwa namtaka mama. Ila kanuni hiyo nilikuwa sijaisoma bado."

Nilikimbia dukani, pamoja na uzee na magoti yangu haya. Nilimpa kwa mikono miwili, inavyopasa. Aliilamba kidogo tu, akalala. Alifariki alfajiri yake, tarehe 2 Septemba.

Hekalu limeandika kwamba ameacha wanafunzi wake watawa. Mimi naongeza: ameacha dada mmoja. Mama, jibu lako nimelipata, ila umeshaondoka.

Mtukufu Sumedha apumzike kwa amani. Na Tilaka wetu, aliyekuwa akimtaka mama yake, naye apumzike.