Bi Kimya, Fundi wa Breki Zisizolia

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka fundi. Fundi wa breki. Mwanamke aliyeishi kwa magoti pembeni ya magari ya watu karibu maisha yake yote, na wiki iliyopita ametutoka. Wengi wenu mlimjua kwa jina moja tu: Bi Kimya.

Jina hilo lilikuwa la utani. Bi Kimya hakuwa kimya hata kidogo. Aliongea akifungua tairi, akaongea akifunga tairi, na ukishamuaga getini ndipo alipokumbuka habari yenyewe. Yaliyokuwa kimya ni magari. Gari liliingia kwake likilia kama mbuzi aliyekanyagwa mguu, likatoka bila sauti. Madereva wakampa jina, naye akalipokea.

Hapa redioni tulimfahamu kwa sababu ya gari letu dogo la kazi. Mwenzangu alikuwa akitangaza moja kwa moja kutoka barabarani. Dereva akakanyaga breki. Simu zikaanza kuingia studioni, wasikilizaji wanauliza nani anachinjwa. Mkuu wa kituo akanigeukia akasema, "Wewe unayecheka, lipeleke kwa fundi."

Nikalipeleka. Gereji ilikuwa ua wa mchanga uliolowa oili, paa la bati upande mmoja, benchi lenye jiliwa la kubania vyuma, na matairi mabovu yaliyopangwa kama viti vya wageni. Bi Kimya akatoka chini ya lori akijifuta mikono.

"Pedi mpya?" akauliza.

"Mpya kabisa. Zimefungwa juzi."

"Na aliyezifunga akakupa ufunguo palepale?"

"Palepale."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Basi umeozesha watu wasiojuana, mwanangu. Halafu unashangaa wanagombana ndani ya nyumba yako!"

Akafungua magurudumu. Akasugua diski kwa msasa, ile sahani ya chuma inayobanwa na pedi. Akasugua na pedi zenyewe kidogo, kuondoa ule mng'aro uliokuwa umeanza. Akafunga. Kisha akaniambia nipande, twende barabara ya nyuma ya kiwanda cha matofali, ambako magari ni machache.

Wasikilizaji wapendwa, sikilizeni vizuri hapa, maana hii ndiyo kazi ya maisha yake. Bi Kimya alitia mwendo, si wa kasi ya kutisha. Kisha akakanyaga breki kwa nguvu ya kutosha, imara, bila kushtua. Gari likapungua mpaka karibu mwendo wa mtu anayetembea. Lakini hakulisimamisha. Akaachia, akatia mwendo tena. Akakanyaga, akaachia. Alirudia hivyo mara kadhaa, mpaka nikasikia harufu ya moto.

"Linaungua!" nikasema.

"Linafundishwa," akasema.

Halafu akaendesha taratibu bila kugusa breki kabisa, upepo upoze chuma. Njia nzima alikuwa akinieleza. Kwamba pedi mpya inatakiwa kuacha utando mwembamba juu ya diski, utando ulio sawa kila mahali. Kwamba ukiikanyaga ovyo siku za kwanza, utando unakaa viraka viraka, vyuma vinatetemeka, na mtetemo huo ndio kelele unayoisikia. Na kwamba breki ikiwa ya moto, usisimame ukaibana pale pale, itaacha alama. Yeye aliita kazi hiyo kuzoesha pedi. Narudia: kuzoesha pedi.

Tukarudi. Gari likasimama mlangoni kwetu kimya kabisa. Mlinzi hakujua kama tumefika.

Hakuzaliwa na ujuzi huo. Gereji ilikuwa ya baba yake. Baba alipofariki, aliwaachia watoto wawili: Bi Kimya na mdogo wake wa kiume. Mdogo alishika wateja na vipuri, dada akashika breki. Naye akawa na adui mmoja, magari yanayorudi. Pedi nzuri, mpya, zimefungwa sawasawa, lakini baada ya wiki mteja anarudi na mlio.

"Dada alichukulia kama ametukanwa," mdogo wake ametuambia. "Wateja wenyewe walikuwa wanasema si kitu, breki inashika. Yeye halali. Anasema, chuma kikilia kina neno."

Akaanza kuchunguza. Akaona magari ya mjini, yanayogusagusa breki kwenye foleni, ndiyo yanayorudi. Yale yaliyotoka gerejini yakaingia moja kwa moja barabara kuu, ambako breki hukanyagwa mara chache lakini kwa nguvu, hayarudi. Akamuuliza dereva mzee wa malori, naye akamwambia pedi mpya haziendi kazini bila kuzoeshwa. Bi Kimya akachukua pikapu ya marehemu baba yake, akaipeleka nyuma ya kiwanda cha matofali, kwenda na kurudi, siku baada ya siku, akibadilisha pedi na kuanza upya, mpaka wapanga matofali wakadhani yule mama amefukuzwa nyumbani. Alipoacha, alikuwa anajua.

Tatizo likawa wateja. Mtu anataka ufunguo wake. Hataki kuambiwa gari liko tayari ila lisubiri kidogo likatembezwe. Mwalimu mmoja alilikimbiza gari lake kwa miguu, koti mkononi, akipiga kelele kwamba anaibiwa. Bi Kimya alisimama, akamfungulia mlango, akamzungusha naye. Mwalimu alisali njia nzima.

Na mdogo wake naye alikuwa upande wa wateja. "Haraka haraka haina baraka," watu wengine walimwambia Bi Kimya, wakidhani wanamtetea. Yeye alikataa. "Mimi sina pole pole," alisema. "Nina kumaliza."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, nifike kwenye siku ambayo familia hii haikuisahau.

Alikuwapo mkunga mmoja. Alizunguka na gari lake kwa akina mama wanaokaribia kujifungua, ng'ambo ya ule mteremko mrefu unaoshuka hadi mtoni. Asubuhi hiyo alifungiwa pedi mpya za mbele. Bi Kimya akatoka kwenda kutazama gari jingine, akaacha neno: hilo lisitoke, halijazoeshwa. Mkunga akaja mapema. Mama mmoja ameshikwa na uchungu. Mdogo mtu akalijaribu gari uani, likalia. Akaona aibu. Mteja ana haraka, gari linalia, dada hayupo. Akachovya kidole kwenye kopo la grisi, akapaka kwenye pedi. Gari likanyamaza. Mkunga akashukuru, akaondoka.

Bi Kimya akarudi. Gari hakuna. Kopo liko wazi juu ya benchi.

"Grisi umepaka wapi?" akauliza.

"Kidogo tu, dada, kwenye pedi. Kelele imeisha."

"Nyuma ya pedi au usoni?"

Wasikilizaji wapendwa, grisi nyuma ya pedi, kidogo, haina neno. Usoni, pale panapobana diski, ni kuondoa breki na kuweka utelezi.

"Usoni," akasema mdogo wake.

"Hakunifokea," anakumbuka. "Ndiyo siku niliyojua kwamba dada anaweza kunyamaza. Alichukua pikipiki ya mteja aliyekuwa anasubiri, hata hakumwomba, akaondoka."

Alimkuta mkunga katikati ya mteremko. Gari linashuka, na mwendo unaongezeka. Mkunga alikuwa anakanyaga kwa miguu miwili. Breki za mbele hazishiki, za nyuma peke yake zimezidiwa. Bi Kimya akasogeza pikipiki mpaka ubavuni mwa dirisha.

"Rudisha gia!" akapiga kelele. "Ya pili! Sasa vuta breki ya mkono, kidogo kidogo! Usiivute yote!"

Mkunga akafuata. Gari likaunguruma, likapungua, lakini halikusimama. Mbele, pembeni ya barabara, palikuwa na nyumba inayojengwa na lundo la mchanga.

"Ingia mchangani! Ingia!"

Akaingia. Mchanga ukafunika boneti hadi kwenye kioo.

Mkunga mwenyewe ametusimulia yaliyofuata. Yuko hai, amestaafu, na sauti yake bado ni ya mtu wa kutoa amri. "Nilishuka garini," alisema. "Bi Kimya akanishika mabega, ananiuliza nimeumia wapi. Nikamwambia, mimi sijaumia, nipeleke, kuna mtu ananisubiri. Hakusema jambo lingine. Aliweka mkoba wangu mbele yake, nikakaa nyuma, tukaenda. Mtoto alizaliwa salama. Bi Kimya alikuwa nje ya dirisha, anaongea mwenyewe."

Alasiri Bi Kimya akarudi gerejini. Mdogo wake alikuwa ameketi juu ya tairi, uso mikononi. Alitarajia kufukuzwa. Dada yake akamtupia ufunguo wa pikapu.

"Kupaka grisi unajua," akamwambia. "Kuanzia kesho utajua kuzoesha. Kila gari litakalotoka hapa utalitoa wewe, mimi nikiwa kando yako."

Na ikawa hivyo. Mwanzoni alikuwa kando yake kila safari. Baadaye mdogo mtu akaenda peke yake. Na zile pedi zilizopakwa grisi hazikusafishwa, zilitupwa. Bi Kimya hakuamini kwamba pedi iliyokunywa grisi inaweza kutubu.

Miaka ikapita. Nyundo, mashine za kukata chuma, injini zisizo na ekzozi, vyote vikamla masikio polepole. Yeye ndiye wa mwisho kujua. Siku moja alimrudishia mteja gari, binti yake akamvuta mkono.

"Mama, hilo linalia."

"Linalia wapi?"

"Mama, jirani ametoka nje kuangalia."

Binti anasema mama yake aliingia ndani ya gari lile, akafunga mlango, akakaa. Fundi aliyejengwa na sikio, na sikio limeondoka.

Mdogo wake akamwendea kwa upole. "Dada, umefanya kazi ya kutosha. Pumzika. Masikio yamekwenda."

"Yakifika yanisalimie huko," akajibu. "Mimi niko kazini."

Akavua kiatu. Ndiyo, wasikilizaji wapendwa, alivua kiatu cha kulia, akaweka unyayo mtupu juu ya pedali. Alikuwa amewaambia watu miaka yote kwamba kelele ya breki ni mtetemo. Sasa akautafuta mtetemo huo kwa ngozi. Binti alikaa kando yake, akainua kidole kila mlio ulipotokea. Mama akikanyaga, akitulia, akikisia: mbele kulia. Nyuma kushoto. Mwanzoni alikosea sana. Alikasirika, akapiga usukani, wakarudi barabarani. Walifanya hivyo msimu mzima wa mvua na ule wa jua uliofuata, mpaka ikafika siku binti anainua kidole na kukuta mama ameshataja gurudumu.

Hata hivyo wateja walianza kupungua. Maneno yalizagaa: nani atampelekea breki fundi kiziwi? Bi Kimya akapata habari, akanunua rangi, akaandika getini kwa mkono wake, herufi kubwa: FUNDI HUYU HASIKII. BREKI ZAKE PIA HAZISIKIKI.

Watu walicheka, wakaingia. Na walioingia walirudi, safari hii wakileta magari mengine.

Alifanya kazi mpaka mwezi uliopita. Kifua kilianza kumsumbua, akalazwa. Kitandani aliongea kwa sauti kubwa, kama wasiosikia wafanyavyo, hata wodi nzima ikajua jinsi ya kuzoesha pedi. Muuguzi mmoja ametuambia alikwenda kulijaribu gari lake kabla hata ya kumaliza zamu. Wiki iliyopita, asubuhi, binti yake akiwa amemshika mguu kwa sababu alisema una baridi, Bi Kimya alifariki dunia.

Siku ya mazishi, saa ya kuanza ilifika, na mdogo wake hakuwapo. Watu wakatazamana. Ndugu wakaanza kunong'ona. Binti akapiga simu, simu haipokelewi. Mwishowe akaonekana anakuja mbio, jasho linamtiririka.

Ilikuwa hivi. Gari la wagonjwa la hospitali lilikuwa gerejini. Pedi zake mpya zilikuwa zimefungwa asubuhi hiyo hiyo, kwa sababu lilihitajika kazini. Dereva alitaka kuondoka nalo lilivyo, akasema leo mna msiba, nani atawalaumu. Mdogo mtu akamwambia panda. Akalitoa hadi nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa na nguo zake za mazishi. Akakanyaga, akaachia. Akakanyaga, akaachia. Akalipoza. Ndipo akamkabidhi dereva ufunguo.

Shangazi mmoja akamkaripia pale pale makaburini. "Dada yako mmoja tu, na wewe unashughulika na magari!"

"Ningemzikaje, shangazi," akajibu, "nimeacha gari nusu?"

Tulimuuliza binti kama alimkasirikia mjomba wake. Akatikisa kichwa. "Nilimwona anakuja, suti nyeusi, vumbi la breki magotini," alisema. "Nikawaambia, sasa tunaweza kuanza."

Kwa binti wa marehemu, kwa mdogo wake, kwa mafundi na wateja wote wa ile gereji, sisi wa kituo hiki tunawapa pole. Msiba wenu ni wetu, maana wengi wetu tuko salama kwa mikono yake bila hata kujua ni siku gani alituokoa.

Nawe unayenisikiliza ukiwa kwenye usukani: kama breki zako zinalia, najua unachofanya. Unaongeza sauti ya redio. Leo nakuomba, mimi mtangazaji, uipunguze. Zima kabisa, ukitaka. Lisikilize gari lako, kisha jiulize ni kazi gani nyingine uliyoikabidhi kwa watu kabla hujaimaliza.