Mlango Mpya wa Papa Hubert

Mwaka wa pili baada ya uhuru, Mama Valérie alipanda kamyo, lori la kwenda Mubi, akakaa juu ya magunia ya maharagi, magoti yamebanwa na mlango mpya wa mbao. Hakumjua mwenye mlango, Papa Hubert, lakini tangu Masisi alikuwa akisikia habari za nyumba yake.

"Ukuta iko na mupasuko, lakini njo mambo ya udongo wa juu tu. Kila Noeli tunapakaa udongo mweupe, inapotea," akasema Hubert.

"Na mvua ikinyesha?"

"Inarudi."

Mama Valérie akashusha pumzi. Yeye nyumba yake ilishaanguka. "Papa, mipasuko kama utando wa buibui, ile njo ya udongo wa juu. Yako inaingia kidole?"

"Mukono," akasema Hubert, kama anayesifu ng'ombe wake.

"Na mulango ya zamani?"

"Ilikataa kufunga. Tukaichonga, tukaichonga, ikaisha."

"Mbele ya kujenga, pale chini kulikuwa nini?"

"Shimo ya baba ya kuivisha ndizi za pombe. Tulijaza majani na udongo, tukakanyaga kwa kucheza ngoma."

Mama Valérie akatazama milima, maana milima haibishi. "Nyumba inazama mule, Papa."

"Ile shimo ilitoa pombe ya ndoa yangu, Mama. Haiwezi kunitendea mubaya."

Kamyo ikasimama Mubi. Hubert akajitwika mlango wake.

"Upande ule wa mupasuko analala nani?" Mama Valérie akamuuliza.

"Mama yangu. Anasema baridi inapita mule. Leo, na mulango mupya, atalala muzuri."