Nilivyokwama Nimeinama Mbele ya Kanisa

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na asifiwe mara ya pili kwa sababu haya nayaandika nikiwa nimekaa wima kama mlingoti!

Mimi niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa cheti changu cha shule ya jioni, kwamba betri ya lori ikigusa tumbo la mwanamume inamnyonya uzazi. Nilisimuliwa habari za jamaa mmoja wa Mwandiga aliyekumbatia betri kutoka barabarani mpaka nyumbani kwake. Walisema tangu siku ile mkewe hakushika mimba, na yeye mwenyewe akipita karibu na redio, taarifa ya habari inakwaruza mpaka avuke mtaa. Niliamini yote, hata hilo la redio.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Mliokuwapo mnakumbuka: maboti yanatoka Kongo yamejaa watu, malori ya chakula yanakwenda makambini bila kupumzika, na Kigoma nzima kila chenye injini kina betri iliyokufa. Nilifanya kazi kwenye kibanda cha kuchaji betri pale Rusimbi. Za malori, za maboti, za mabanda ya video, zote zilipita mikononi mwangu. Ile kubwa ya lori, ndugu zangu, ni nzito kama ng'ombe aliyemeza jiwe! Nami nilikuwa nimeoa juzi tu, binti wa Ilagala, Anjelina. Tukienda kusalimia ukweni, wazee walitazama kwanza tumbo lake ndipo wakaitikia shikamoo yangu.

Basi kila betri niliishika mbali na mwili. Miguu nimeinyoosha, kiuno nimekikunja, mikono iko mbele kama mtu anayetoa nyoka ndani kwa ufito. Wenzangu kibandani nao walibeba hivyohivyo, na ushahidi tulikuwa nao: Mzee Sadala, mkongwe wa kibanda chetu, mashati yake yote yalikuwa na matundu usawa wa kitovu. Tukaambiana kwamba hapo ndipo umeme ulipomwingilia. Kwamba Sadala alikuwa na watoto wengi kuliko viti vya nyumbani kwake, hakuna aliyelifikiria hilo.

Mgongo ukaanza kulalamika. Asubuhi nilikuwa nainuka kitandani kwa awamu, kama hema linalosimikwa. Anjelina alinisugua mawese mpaka nikanukia kama sufuria ya mboga. Akinisihi nibadili namna ya kubeba, namjibu kwamba ninalinda watoto wetu. Anaendelea kusugua, maana naye alishasikia ya Mwandiga.

Ikafika Jumapili moja. Kanisa letu lilitumia betri kwa ajili ya spika, na mbebaji nilikuwa mimi. Nikaingia nayo mpaka mbele, nikainama kuiweka chini, kisha nikapinda kiuno kidogo ili niisogeze waya ufike. Kitu kikakatika mgongoni. Nikabaki palepale nimeinama, mikono juu ya betri, siwezi kwenda mbele wala kurudi nyuma, na sauti imekauka.

Ndugu zangu, kanisa lilidhani nimeguswa! Mchungaji aliniwekea mkono begani akasema tumwache ndugu yetu amalizane na Mungu wake. Kwaya ikaanzisha pambio la toba. Kina mama wakalia. Watu wakaja kuinama kando yangu, na mmoja akatubu mambo ambayo mpaka leo najitahidi kuyasahau. Pambio lile lilirudiwa mpaka nadhani ng'ambo ya ziwa walilikariri. Mimi jasho linanidondoka, na moyoni naomba jambo moja tu: Bwana, usiniache nimekunjika hivi maisha yangu yote, maana mbeba mizigo ukimwondolea mgongo, anabaki nini?

Aliyegundua ni Mama Nyota, mkimbizi kutoka Kongo, aliyekuwa muuguzi huko kwao. Alisogea, akauchungulia uso wangu kutoka chini, akamgeukia mchungaji.

"Baba Mchungaji, huyu haombi. Huyu amekwama."

Wakanilaza kwenye benchi, wakanibeba nalo mpaka nyumbani. Mama Nyota alinibonyeza miguu, akaniuliza kama vidole vinasikia na kama mkojo unatoka vizuri. Nilipoitikia, akamwambia Anjelina afute machozi: nipumzike kidogo, kisha nianze kutembea taratibu, lakini miguu ikifa ganzi nikimbizwe hospitali. Ndipo akaniuliza betri nilikuwa naibebaje, nikamwonyesha kwa mikono. Akauliza kwa nini. Nikageuza macho kuhakikisha mlango umefungwa, nikamnong'oneza habari za Mwandiga.

Hakucheka mbele yangu, Bwana ambariki. Alitoka nje, akacheka huko mpaka kuku wakakimbia, kisha akarudi uso umetulia. Akanieleza kwamba mashati ya Sadala yalitobolewa na maji ya betri, tindikali ile inayovuja, ndiyo maana mtu hukaza vifuniko, huibeba betri wima na kuvaa aproni ya mpira. Nilipopata nafuu alinifundisha kuinua kwa debe la mahindi, kwanza tupu, halafu likiwa na mahindi kidogo, halafu limejaa.

Siku niliyorudi kazini Sadala alinipokea kwa maneno.

"Karibu, mlokole. Leo unatubu saa ngapi?"

Nilikaza vifuniko, nikavaa aproni ya mpira. Nilichuchumaa mbele ya betri ya lori, nikaivutia kifuani, nikafumba macho na kuinuka nayo. Wenzangu wakarudi nyuma kama wanapisha maiti. Nikaiweka juu ya meza, nikajipapasa kiuno. Kimya! Hakuna kilichouma! Ndugu zangu, jioni niliimba peke yangu njiani mpaka mtaa wa Mwanga!

Na tumbo la Anjelina? Kabla mvua zilizofuata hazijaisha, wakwe zangu wakaanza kuitikia shikamoo kabla ya kutazama chochote. Leo watoto wamejaa nyumbani, na redio yangu inasema wazi kabisa.

Namshukuru Mungu aliyemvusha Mama Nyota ziwa lile akiwa hana kitu mkononi, kumbe kichwani amebeba uponyaji wangu. Nawe unayesoma hapa huku umeshika kiuno, usiugulie gizani kwa sababu ya jambo unaloona haya kulitaja. Mtumaini Bwana, kisha fungua kinywa uulize. Nami nakuachia maneno yaleyale niliyoambiwa na Mama Nyota nikiwa nimelala chali, nanukia mawese:

"Mwanangu, umeme wa betri hautoki kwenye plastiki ukaingia tumboni. Kilichokuumiza ni kushika mzigo mbali na mwili. Chuchumaa, ulete karibu, inuka kwa miguu, na ukitaka kugeuka geuza nyayo, usipinde kiuno. Ukikuzidi, ita mwenzako mbebe wawili."