Upepo wa Baiskeli ya Moto

Mwaya, kando ya ziwa, mwaka 1913, baraza letu lilikuwa mtumbwi mbovu uliopinduliwa mbele ya kibanda cha kahawa cha Gideoni. Sisi wa pale tulijua kila kitu isipokuwa kazi. Asubuhi hiyo Hezroni, tarishi wa bwana wa barabara, alikuja akiisukuma baiskeli ya moto ya bwana wake, mpira wa nyuma umelala chapa. Bwana alikuwa kitandani na homa, na amri yake ilikuwa fupi: kesho alfajiri baiskeli iwe bomani Tukuyu, isipofika, Hezroni apigwe viboko hamsa ishirini. Bwana alimfundisha kuiwasha na kuipanguza. Kuipanda, hata siku moja. Hofu aliyokuwa nayo hata kipofu angeiona.

— Mugonile, akatusalimu. Nisaidieni. Upepo umetoka.

— Umetoka au umefukuzwa? akauliza Enoki, tuliyemwita Nusu Mwalimu kwa kuwa shule ya misheni aliiacha katikati.

— Nimeukuta hivi.

— Basi umerudi kwao. Huu ni upepo wa Tukuyu, wa baridi. Joto la huku hauliwezi. Mwacha asili ni mtumwa.

Anyitike aliwahi kuwashikia wapima barabara mnyororo, na tangu hapo jina lake likawa Kipimo. Aliinama, akauminya mpira kwa dole gumba kama anayechagua ndizi.

— Umeiva mno huu. Unatakiwa uwe mbichi.

— Tuujaze pumba za mpunga, akasema Enoki. Pumba hazina kwao.

— Zikilowa zitaota, akasema Kipimo.

— Pumba zitaota?

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, akasema Gideoni huku akimimina kahawa.

Hezroni akamwuliza ukuta uko wapi. Gideoni akasema hajui, ila methali ni ya kweli.

Mwiba niliuona mimi, na mpaka leo hakuna aliyenishukuru. Tukauchomoa, tukaziba tundu kwa gundi na kiraka vilivyokuwa katika mkoba wa bwana uliofungwa nyuma ya kiti, tukapiga bomba kwa zamu. Enoki alishauri tuelekeze bomba ziwani, kwenye upepo wa bure.

— Inatosha, nikasema. Ukijaa sana utapasuka juani.

— Aliyeshiba hupasuka? akauliza Kipimo.

— Mjomba wako Lameck je, si alipasuka? nikamwuliza.

— Yule alirogwa.

Wakahamia kwenye usalama wa mpandaji. Enoki alitaka Hezroni afumbe macho kwa ajili ya vumbi. Kipimo akasema penye kona afumbe moja tu. Gideoni alitaka afungiwe mawe miguuni, maana kitu chenye upepo ndani, kikipata mbio, kinaweza kuruka, na ng'ambo ya ziwa serikali ni nyingine.

Hezroni alikubali yote isipokuwa mawe. Akapanda, akashika pembe za baiskeli.

Hapo akatokea Veronika, mfinyanzi wa kule pwani ya Wakisi, vyungu vitatu kichwani, anavipeleka sokoni Makwale. Akasimama.

— Mugonile. Hicho kitu kinapita njia hii hii?

— Hii hii, mama, akasema Enoki. Mpira tumeshautibu.

— Kikishaanza kwenda, mnakisimamishaje?

Enoki akatazama ndani ya kikombe. Kipimo akauminya mpira tena. Gideoni, mwenye methali za kila msiba, akapuliza makaa.

— Bwana wako hukisimamishaje? nikamwuliza Hezroni.



— Mimi huwa namwona akipita tu.

Akashuka. Akaanza kuisukuma, akienda kwa miguu kuelekea milimani.

— Hutafika alfajiri, nikamwambia. Watakuchapa.

— Mgongo unapona, akasema Hezroni.

Nilimhurumia, na niliona haya, maana asubuhi nzima tulikuwa tukimwandalia kaburi kwa bomba. Veronika alimfuata hatua chache, kisha akamwomba amwekee chungu kimoja juu ya kiti, kwa kuwa hakina mtu. Hezroni akakipokea, akakishika kwa mkono mmoja.

— Ndaga, akashukuru Veronika, nao wakaenda polepole.