Kopo la Famasi na Kabati la Dokta

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliopigiliwa juu ya visiki viwili. Tundu la kitasa bado lipo, kwa hiyo mgeni akikaa upande wa kushoto hubanwa mahali ambapo hawezi kulalamikia mbele za watu. Limeegemea kibanda cha fundi viatu na linatazamana na zahanati ya ng'ambo ya barabara, hivi kwamba hakuna mgonjwa anayeingia wala kutoka bila kujadiliwa. Asubuhi hiyo Shangazi, muuza kahawa wa kijiwe, alikuwa ameshateremsha birika la kahawa na kusuuza vikombe. Dereva na Wakili walikuwa wameshapata vyao. Fundi mwenyewe alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni, amejifanya anatafuta gundi. Kwa wateja aliitwa Fundi, lakini kijiweni jina lake lilikuwa Famasi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mtunza kopo.

Habari ya kopo ieleweke mapema, na msicheke. Lilikuwa kopo la bati la peremende, lililokaa chini ya benchi miaka nenda miaka rudi. Mtu wa kijiwe akiandikiwa dawa, akainunua, akameza mpaka akapata nafuu, vilivyobaki havikutupwa: vilikuja kwenye kopo. Akiugua mwingine, kijiwe kilikaa kama jopo la mabingwa, kikamtazama ulimi, kikabishana, halafu Famasi akatia mkono na kutoa kidonge kinachofanana na ugonjwa. Vyekundu vilikuwa vya damu, vya njano vya ini, vyeupe vya mambo mengine yote yaliyobaki duniani. Hakuna aliyekufa, na kwa hilo walijisifu kila siku, ingawa waungwana wangemsifu Mungu.

Sasa Famasi alikuwa na siri, na siri yenyewe ilikaa kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia. Sindano ya kushonea soli ilimchoma, kidole kikavimba, Dokta wa zahanati akamwandikia cheti cha dawa. Duka la dawa lilikuwa mwisho wa soko, na viatu vya watu vilikuwa vimejaa kibandani. Alipopata nafasi ya kwenda alikuta limefungwa. Akasema kesho, na kesho ikazaa kesho mwenzake, na huku akisubiri akajitibu kwa vyeupe vya kopo. Kidole kikawa kama kiazi kitamu. Akaacha kushona, akawaambia wateja kwamba siku hizi anafanya kazi za gundi tu. Wenzake, wanaojua mgonjwa wa kila nyumba, hawakugundua kwamba rafiki yao anashika kikombe kwa mkono wa kushoto.

Wala hawakujua kwamba alikwisha kuvuka barabara tena, mapema, kabla benchi halijapata joto. Uvimbe ulikuwa umekwisha, plasta tu ndiyo iliyobaki. Lakini tangu apone hajashika sindano. Aliogopa. Gumba ndilo linalosukuma sindano kwenye soli, na fundi ambaye gumba lake halisukumi ni mtu aliyekaa karibu na viatu tu.

— Nimeona kwa macho yangu, alisema Dereva. Huyu aliendesha malori maisha yake yote, na hata leo akikaa hunyoosha mguu kama anatafuta breki. — Mama wa watu kaingia mle mikono mitupu, katoka na dawa zake. Hakwenda sokoni wala wapi. Dokta kaweka kabati chumbani kwake. Anakupima, anafungua, anakupa.

— Mkono mtupu haulambwi, alisema Wakili.

Wakili si wakili. Aliwahi kushinda mahakamani kutwa nzima akisubiri kesi ya jirani, na tangu hapo hakuna hoja inayompita bila kupingwa.

— Hapo methali imeingiaje? aliuliza Shangazi.

— Imeingia kwa mlango. Endelea, Dereva.

Dereva aliendelea, na kwa mara ya kwanza katika historia ya benchi hilo alisema jambo lenye akili. Alisema gereji nzuri ni ile ambayo fundi ana spea humo humo. Anafungua boneti, anaona kilichokatika, anatoa kipya, anafunga, anawasha, mnasikiliza wote wawili. Ile ya kuandikiwa jina la spea kwenye karatasi, ukazunguke mji mzima, ndiyo inayofanya magari yaote majani.

— Na fundi mwenye spea zake, alijibu Wakili, umpelekee gari lililoungua taa, atakuambia injini imekufa. Mwenye kuuza haoni kizima.

Hilo nalo lilikuwa na uzito. Famasi aliinamia gundi yake, akaona jibu likimjia mpaka kwenye meno, akalimeza. Akisema, ataulizwa amejuaje. Mtunza kopo aliyekimbilia kwenye kabati. Wangemcheka mpaka wajukuu zake wasikie.

— Mimi nitawaambia sababu, alisema Shangazi. — Yule binti, Dokta, kachoka. Juzi kanunua karanga pale kona, kufungua, zimefungwa kwenye cheti alichokiandika yeye mwenyewe. Mgonjwa kaenda nacho mpaka kwa muuza karanga, kaishia hapo.

— Ilikuwa dawa ya nini?

— Sijui. Lakini karanga zilikuwa tamu.

Wakili hakukubali kwamba daktari anaweza kusukumwa na karanga. Alisema kabati lile ni dogo, yeye kalipima kwa jicho kupitia dirishani, na dawa zinazotoka humo ni nyingi kuliko ukubwa wake. Lazima kuna njia ya chini kwa chini kutoka duka la dawa mpaka zahanati.

— Handaki? aliuliza Dereva.

— Mimi sijataja neno hilo. Wewe ndiye umelitaja, na mimi nakuunga mkono.

Dereva alitafakari, akakiri kwamba hilo lingeeleza kwa nini barabara imebonyea pale katikati. Kutoka hapo maneno yalivuliwa hatamu. Mara ikawa Dokta aliposwa na mwenye duka la dawa, wakagombana, na kabati ni kisasi. Mara kabati halina dawa, lina kioo, mgonjwa akijiona anapona. Shangazi aliwakumbusha kwamba mwenye duka ni mtu mwema, ana mke na mvi, na kosa lake pekee ni kwamba hafungui saa ambazo watu wanaweza kwenda. Hakusikilizwa. Haba na haba hujaza kibaba, alihitimisha Wakili, akimaanisha kwamba handaki huchimbwa polepole.

— Kwa hiyo kopo letu litakuwaje? aliuliza Dereva, na sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli. — Kopo hili lilinitibu mgongo. Kile kidonge cheupe, kigumu. Nilikitafuna hakikuvunjika, nikakimeza kizima kizima, na keshoye niliinama nikafunga kamba za viatu. Kabati la nani litanipa kidonge kama kile?

Famasi alikohoa, akalitazama birika.

Hapo ndipo walipofika wanawake wawili. Mmoja wa makamo, mwingine mamake, bikizee aliyekuwa anakohoa huku ameshika ndala ya ngozi mkononi, ukanda wake umeng'oka. Binti alisalimia shikamoo, akaitikiwa marahaba, mama akaamkiwa yeye, wakapishwa kukaa, na kwa bahati mbaya bikizee akapewa upande wa tundu la kitasa. Binti aliwaeleza kwamba wametoka mbali. Mama hana nguvu ya kupita zahanati halafu kuzunguka tena kutafuta dawa. Mara iliyopita walifanya hivyo, mama akalazimika kukaa chini sokoni, na wakarudi nyumbani na cheti tu. Leo wamesikia kwamba hapa dawa hutolewa mle mle ndani. Kama si kweli, ni afadhali warudi sasa hivi, mama angali anaweza kutembea.

— Wazee wangu, alisema, — kati yenu nani ameingia mle akatibiwa, aniambie?

Dereva alitazama mguu wake. Wakili alifungua kinywa, na kwa kuwa swali halikuwa na upande wa kupinga, alikifunga. Shangazi alipangusa kikombe kilichokwisha kupanguswa. Benchi zima, lenye handaki na kisasi na kioo, halikuwa na hata mmoja aliyewahi kuona kabati hilo kwa ndani.

Famasi alimtazama bikizee, aliyekuwa anahema kwa kutumia mabega. Aliona aibu, na aibu hiyo ilikuwa kubwa kuliko ile aliyokuwa anaikimbia. Akainua mkono wa kulia, plasta na yote.

— Mimi, alisema.

— Wewe, Famasi? Dereva aliuliza.

— Mimi. Kidole hiki kilikuwa kinaoza mkinitazama. Nilikwenda kwa Dokta na maumivu ya kulia, sikutaka mjue.

Na alipoanza hakuweza kunyamaza. Alisimulia jinsi Dokta alivyopasua jipu, akaosha, akafungua kabati kwa ufunguo alioufunga shingoni, akahesabu dawa mbele yake, akampa maji.

— Nikameza ya kwanza pale pale, ananitazama. Mzee mzima, namezeshwa kama mtoto, na nikafurahi, niseme uongo? Ya pili na ya tatu niliondoka nazo mfukoni, zimekwisha kuwa zangu. Hakukuwa na kesho ya kwenda kuzitafuta. Zikanisumbua tumbo, nikarudi, akabadilisha saa ile ile. Zamani ningeziacha, basi. Yule anajua nilichougua, anajua alichonipa, anajua kimenifanya nini. Yote yako kwenye kichwa kimoja.

— Na kukuuzia vya ziada? Wakili aliuliza, lakini kwa upole.

— Nilimwomba ya kichwa, ya akiba. Kaninyima. Kaniambia kunywa maji, lala mapema.

Wakili alitikisa kichwa kama hakimu aliyeshindwa na ushahidi.

— Kisha akaniuliza nilikuwa nameza nini kabla, alisema Famasi. — Nikampelekea kopo.

Kijiwe kilishusha vikombe.

— Kalimwaga mezani. Vingine vimepitwa na wakati, vingine vya kina mama wajawazito, vingine hata yeye hakuvitambua. Vile vyeupe nilivyokuwa najitibia kidole, peremende. Zilizobaki tangu lilipokuwa kopo la peremende. Aliniambia ningezila wiki moja zaidi, tungezungumzia kukata.

Dereva, ambaye si mwepesi lakini hufika, aliinua uso.

— Na kile changu cha mgongo? Kile kigumu?

Famasi angeweza kudanganya. Lakini alikuwa ameshaonja ukweli na alikuwa anaupenda.

— Kaka, chini ya kopo tulikuta viwili kama kile. Vina matundu manne. Ni vifungo vya shati langu la kijani.

Shangazi ndiye aliyeanza. Alishika birika kwa mikono miwili ili lisimwagike, mabega yakatetemeka, na alipopata pumzi alisema, kwa heshima zote:

— Kikulacho ki nguoni mwako. Wewe, shemeji, ndiwe umekila cha nguoni mwa mwenzio.

Hata bikizee alicheka, akakohoa, akacheka tena. Dereva aliapa kwamba mgongo ulipona kweli, na kwamba mwenye ushahidi kinyume ajitokeze.

Famasi alinyoosha mkono kwa bikizee.

— Bibi, nipe hiyo ndala. Huwezi kuingia kwa Dokta na mguu mmoja.

Binti alisema gundi itatosha. Fundi alijibu kwamba ukanda ule hautaki gundi, unataka uzi. Alitoa sindano kubwa kwenye ala yake, ile ile, akaitia uzi, akauweka ukanda juu ya soli. Kijiwe sasa kilielewa kilichokuwa kinatokea. Aliweka gumba kwenye kichwa cha sindano, akasukuma. Ngozi ilikataa. Akasukuma tena, akahisi nguvu ikishuka kutoka begani, ikapita kiwiko, ikafika kwenye plasta, na sindano ikazama, ikatokea upande wa pili ikimeta. Akavuta uzi. Hakukuwa na maumivu. Akapiga mshono wa pili, wa tatu, na machozi yalipomjia hakuyaficha, aliyapangusa kwa mkono huo huo mzima.

— Kaka, alisema Dereva, — gumba limerudi.

Bikizee alivaa ndala yake, akaikanyaga kwa nguvu kuijaribu, na wakavuka, binti kamshika mkono wa kushoto, Dereva kamshika wa kulia. Dereva alisema anasindikiza tu. Lakini walipotoka baadaye, kila mmoja alikuwa na kifuko mkononi. Bikizee aliinua chake juu ili Fundi akione, na akapita njia ya nyumbani moja kwa moja bila hata kulitazama soko. Dereva alivuka akitembea wima, akatangaza kwamba cha leo kimeyeyuka mdomoni, kina ladha mbaya sana, na kwamba Dokta kamwonyesha jinsi ya kuinua mizigo.

Kahawa ilikuwa imekwisha. Wakili, aliyebaki peke yake na hoja zake zote, alijishika paji la uso.

— Famasi, kichwa kinanigonga. Hebu nitazamie humo.

Fundi aliinama, akalitoa kopo chini ya benchi, akalitikisa. Lililia kwa sauti ngeni, nzito. Akafungua kifuniko, na Wakili akachungulia: kopo lilijaa misumari ya viatu, mipya, imepangwa kwa ukubwa.

— Ukimeza hii utatoboka, alisema Fundi. — Famasi imehama. Mlango wake ni ule pale, na leo foleni ni fupi.

Akachukua kiatu kingine, akatia uzi kwenye sindano.