Mlango Unaofuata Saa ya Shemeji

SHEMEJI: Haloo? Nani mwenzangu?

FUNDI: Mume wa dada yako, nani mwingine? Habari za huko kituoni?

SHEMEJI: Ah, shemeji, njema. Vipimo vya kasi ya ujumbe vimekaa sawa. Ujumbe ukitoka kwako, kufumba na kufumbua uko kwangu. Asubuhi ulikuwa unafika kabla hujautuma, nikasema leo tumerogwa—

FUNDI: Ndiyo maana nikaiambia mashine yangu ifuate saa ya kwako. Sasa nimefungiwa.

SHEMEJI: Umefungiwa wapi?

FUNDI: Chumba cha mitambo. Mlango nao unafuata saa ya mashine. Nimepitisha kadi mpaka mkono umechoka, unanijibu ni usiku, nisubiri saa mbili asubuhi. Kitufe cha ndani kilishakufa. Mlinzi amevuta wee, wapi. [mkwaruzo] Hebu niambie, saa ya mashine yako inaonyesha ngapi?

SHEMEJI: Nne na robo. Si ndiyo saa yenyewe?

FUNDI: Uliiandika kwa mkono?

SHEMEJI: Ilikuwa saa tatu kamili, nikaandika tatu. Kwani—

FUNDI: Shemeji. Mashine inahesabu kuanzia usiku wa manane. Nne yake ni saa kumi alfajiri.

SHEMEJI: Mama yangu.

FUNDI: Irekebishe. Nikiigusa ya kwangu inarudi palepale, inafuata yako.

SHEMEJI: Sasa hivi siwezi. Vipimo ni vizuri maadamu saa zetu zinakubaliana, hata zikidanganya zote. Nikigusa, kazi yote inavurugika, na mkubwa anaitaka mchana huu. Alishaniambia nikiharibu tena nisirudi.

FUNDI: Najua.

SHEMEJI: Basi jikaze kidogo. Kuna baridi?

FUNDI: Mpaka kwenye mifupa. Dada yako anapasuliwa leo.

SHEMEJI: Nani?

FUNDI: Anaingizwa saa tano. Nilimwahidi nitamshika mkono mpaka alale.

SHEMEJI: Mbona sikuambiwa? Shemeji, mbona—

FUNDI: Alikataza. Alisema ukisikia utaacha kila kitu uje, na hii kazi umeisotea. Amenipigia sasa hivi anauliza nimefika wapi.

SHEMEJI: Ukamwambia nini?

FUNDI: Kwamba niko njiani.

SHEMEJI: [mlio wa vitufe]

FUNDI: Haloo? Unanisikia? Salio langu linakwisha, shemeji, sina ujanja mwingine. Naogopa—

SHEMEJI: Kumi na robo.

FUNDI: Unasemaje?

SHEMEJI: Nimeandika kumi na robo. Jaribu kadi.

FUNDI: Subiri... bado nyekundu. Bado. [mlio] Umefunguka.

SHEMEJI: Kimbia.

FUNDI: Vipimo je?

SHEMEJI: Naviona hapa vinavyokwenda kombo. Wewe kimbia.

FUNDI: Akikuulizia nimwambie nini?

SHEMEJI: Mwambie niko kazini.

FUNDI: Shemeji—

SHEMEJI: Mwambie hivyohivyo, niko ka—

[simu imekatika]