Francisco Nchumali na Mrushaji Aliyemtoa Jicho

Ndugu waombolezaji, tulieni, na wenye hasira wakae chini, maana anayesoma karatasi hii ni Faquir, mdogo wa marehemu, naye hasira anazo kuwashinda ninyi nyote.

Marehemu Francisco Nchumali alizaliwa hapa Diaca tarehe 14 Aprili 1969, akasoma hapo hapo hadi darasa la nne, akatoka akiamini kuwa elimu huingia kwa bakora, na tarehe 8 Oktoba 1994 akafunga ndoa na Lurdes, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 2011, gesi ilipokwisha kuonekana baharini, alipata kazi ya udereva kambini Palma, ambako mzungu mmoja wa mitambo alimfundisha besiboli, mchezo wa kurusha mpira mdogo mgumu na kuupiga kwa gongo, naye alipoondoka akamwachia vifaa, Francisco akaunda timu hapa kijijini.

Alikuwa mkali, jamani! Mrushaji wake, Ussene, seremala mwenye mkono wa nguvu, mpira wake ulikwenda kila mahali isipokuwa kwa mdakaji, na kila ulipopotea Francisco alimchapa mpaka mgongo ukachanika, akimwambia mkono wake umelaaniwa. Tarehe 25 Agosti 2013, mbele ya wageni wetu wa Awasse, alimchapa usoni, Ussene akageuka, akaurusha mpira kutoka hatua tatu, na safari hiyo haukupotea, ukampasua Francisco jicho la kushoto. Wenzake wakamvamia Ussene kwa magongo, wakamvunja mbavu, Faquir akakimbilia panga, na wangemuua kweli, lau Francisco, damu ikimchuruzika, asingemlalia na kupiga kelele kwamba atakayemgusa tena aanze na yeye.

Kwa jicho moja hakuona vizuri, basi ikambidi afanye asilolizoea, awaulize wachezaji, kila mmoja aseme anachokiona Ussene akirusha. Chamima, binti anayedaka, akasema Ussene anatanguliza mguu wa kulia kama alivyoamriwa, na mkono wake ni huo huo wa kulia, kwa hiyo mwili unajifunga. Lo! Yule mzungu alirusha kwa kushoto, na Francisco alikuwa amemwiga mguu kwa mguu, miaka miwili akimchapa mtoto wa watu kwa kosa la mwalimu. Akamkabidhi Ussene bakora, akainama mbele ya timu, na Ussene hakukataa, alimchapa tatu za nguvu, kisha wote wawili wakalia. Tangu hapo timu nzima ilimrekebisha Ussene kwa pamoja, huyu akitazama mguu, yule bega, na tarehe 6 Oktoba Awasse hawakuugusa mpira wake hata mara moja.

Kidonda cha jicho kilioza, homa ikapanda kichwani, akafariki hospitalini Pemba tarehe 2 Novemba, akiwa ameagiza kwamba mbele ya jeneza lake abebe Ussene.

Familia inawashukuru madaktari, majirani waliopika na kukesha, madereva wenzake na timu yake. Faquir aliapa kumuua Ussene siku ya leo, na panga alilinoa. Ussene, toka huko nyuma ya ua, hakuna atakayekugusa, njoo ushike mbele, Faquir anashika upande wa pili.

Pumzika, kaka, tumekutii.